Nyuso Kumi na Moja za Mzee wa Geti

Mliosoma wiki iliyopita mliniacha mahali pabaya: nimesimama mbele ya Bosi, nimetoka kusema uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, na ubaya zaidi ni kwamba niliusema vizuri.

Kwa ambaye leo ndiyo kwanza anafungua ukurasa huu, mambo yako hivi. Mimi ni mhariri wa tamthilia ya televisheni. Wenzangu wanaigiza, mimi nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha nikikata na kuunganisha picha zao. Chuoni niliichagua kazi hii kwa sababu moja tu: mtu anaweza kuifanya bila kuzungumza na mtu. Kazini wananiita Kimya.

Katika tamthilia yetu kuna tajiri aliyeuawa kwa sumu iliyotiwa kwenye chai yake, na kwa miezi sita watazamaji wanaulizana ni nani aliyeitia. Kuna mjane wake, Bi Mkubwa, ambaye ndiye nyota wetu. Na kuna Mzee wa Geti, mlinzi wa ile nyumba, ambaye kazi yake ni kufungua geti, kusema maneno mawili matatu na kulifunga.

Hayo maneno mawili matatu ndiyo yaliyonitia matatani. Mzee wa Geti anasahau.

Mwaka mzima nimekuwa nikimwandikia maneno yake kwa herufi kubwa kwenye vipande vya boksi na kuvibandika chini ya kamera kabla wenzetu hawajaingia. Akikwama hata hivyo, nusu ya sentensi naichukua aliposema asubuhi, nusu naichukua aliposema mchana, nazishona. Kwenye televisheni anatoka mzee asiyekosea hata neno.

Wiki iliyopita Bosi, ambaye tamthilia ni yake na anaiandika mwenyewe, aliniuliza uso kwa uso: "Kimya, huyu mzee anasahau?"

Nikamjibu: "Hapana, Bosi. Sijawahi kuona kichwa kama kile."

Hapo ndipo tulipoishia.

"Afadhali," Bosi alisema. "Maana siku nikigundua anasahau, siku hiyohiyo namwandikia safari ya kwao, apotelee huko. Mlinzi hana atakayemuulizia."

Kabla sijameza mate, simu yake ikalia. Akasikiliza. Akakaa chini taratibu.

"Limevimba kiasi gani?... Nitumie picha."

Picha ikaja, akanionyesha. Bi Mkubwa alikuwa ameng'olewa jino, na shavu la kushoto lilikuwa limejaa kama puto la sherehe.

"Huyu harekodi wiki hii," Bosi alisema. "Wala wiki ijayo. Na kipindi ni Jumatano."

Nikamrudishia simu yake.

"Utapasha kiporo," akasema ghafla, akasimama. "Bi Mkubwa anaumwa, amelala, anakumbuka ya nyuma. Dakika ishirini na sita za kumbukumbu! Una picha za miaka miwili humo kwenye mashine yako. Zikoroge, uniletee kipindi."

"Na uso wake kitandani, Bosi?"

"Uso wa nini? Tunahitaji mkono tu." Akautazama wangu. "Hebu ugeuze."

Ndivyo nilivyoingia kwenye televisheni mara ya kwanza: mkono mmoja wa kulia, umevaa pete ya mtu mwingine, ukipapasa picha ya marehemu juu ya shuka. Tulirudia mara tisa kwa sababu ulikuwa unatetemeka. Mara ya kumi Bosi akasema mtetemeko uachwe, unaonyesha uchungu wa mjane.

Watu wanadhani kipindi cha picha za zamani ni kazi rahisi. Jaribu. Bi Mkubwa anaingia sebuleni na nywele fupi, anakaa kwenye kiti na nywele ndefu. Kochi ni jekundu, mara ni la kijani. Marehemu amenenepa kabla hajakonda. Nilikata, nikaunganisha, na nilipomaliza nikakuta nina dakika ishirini na tatu na nusu.

"Ongeza," Bosi alisema kutoka mlangoni.

"Picha nzuri zimeisha, Bosi."

"Nimesema nzuri? Weka mlango, weka ukuta, weka paka. Ongeza!"

Sasa naungama. Kwenye mashine yangu kulikuwa na jalada ambalo hakuna aliyelijua. Nililipa jina MZEE ANATAFUTA. Humo nilihifadhi kila kipande nilichowahi kumkata Mzee wa Geti akiwa amekwama: amenyamaza, macho yameshuka chini kulitafuta boksi langu, midomo inacheza kidogo, kisha macho yanapanda. Nilitakiwa kuvifuta. Kila nikitaka kufuta, kidole kinagoma. Uso wa mtu anayehangaika vile, unaufutaje?

Vilikuwa vipande arobaini na kimoja. Nikachukua kumi na kimoja, nikaweka kimoja mwishoni mwa kila kumbukumbu.

Mume na mke wanagombana. Mzee wa Geti anatazama chini. Tajiri anabadilisha wosia. Mzee wa Geti anatazama chini. Kikombe cha chai kinapelekwa ofisini kwa tajiri. Mzee wa Geti anatazama chini, midomo inacheza.

Nia yangu ilikuwa safi. Nilitaka watu wauone uso wake. Nilifikiri wakishamzoea, Bosi ataona haya kumpeleka kwao.

Dakika ishirini na sita kamili. Bosi alikitazama kipindi na simu sikioni, akasema, "Peleka."

Jumatano saa moja jioni nilikaa nyumbani na dada yangu mkubwa kukitazama. Naishi kwake. Dada hajui kutazama televisheni akiwa amenyamaza.

"Mbona wanaturudishia ya zamani? Wanatuona wajinga? Na huo mkono, mbona mkavu hivyo? Huyo Bi Mkubwa na hela zote zile hapaki mafuta?"

Nikauficha mkono chini ya mto.

Kumbukumbu ya nne ilipoisha, Dada akanyamaza. Ya sita, akakaa sawasawa. Ya nane, akasimama na kijiko cha mchuzi mkononi.

"Ndiye!"

"Nani?"

"Huyo mzee! Ndiye aliyetia sumu! Mtazame macho!"

"Dada, anatazama geti."

"Geti gani linatazamwa hivyo? Huyo anaona aibu ya damu ya mtu! Yaani miaka miwili tunamwona mnyonge, kumbe nyoka! Na mdomo unamcheza, ona, anahesabu dhambi zake!"

"Labda anatafuta maneno."

"Maneno ya nini, mdogo wangu? Ya kujitetea!"

Nje, dirisha la jirani likafunguliwa. "Mama wee, umeona? Ni mlinzi!"

"Nimeona!" Dada akajibu kwa sauti. "Nilijua tangu mwanzo!"

Niliingia chumbani nikajifunika shuka hadi kichwani.

Asubuhi nilifika kazini nikiwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Bosi alikuwa ananisubiri kwenye kiti changu. Simu zake zote mbili zilikuwa zinalia na hazipokei.

"Nani alikuambia?" akaniuliza.

"Nini, Bosi?"

"Kwamba mlinzi ndiye muuaji. Nani alikuambia?"

"Hakuna, Bosi. Naomba unisa—"

"Maana mimi mwenyewe sikuwa nimeamua!" Akanyanyuka, akanishika mabega. "Miezi sita, Kimya! Miezi sita najifungia natafuta muuaji, silali, sili, kumbe yuko getini ananifungulia! Na wewe umemwona! Umemleta taratibu, jicho kwa jicho, bila neno! Hao chuoni walikufundisha nini?"

Barua ya kuacha kazi ikajikunja yenyewe ndani ya mfuko.

"Jumamosi," Bosi akaendelea, "saa kumi alasiri, laivu, moja kwa moja kutoka studio. Afande anamhoji mlinzi, mlinzi anakiri. Kurasa tatu, hakuna kukata. Akiziweza, nampa sehemu ishirini zijazo: jela, mahakama, kutoroka, kila kitu. Asipoziweza, basi, anaenda kwao. Lakini ataziweza. Si ulisema hujawahi kuona kichwa kama kile?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Niliufungua mdomo kabisa.

"Bosi, kuna jambo..."

"Sema."

"Hongera."

Mzee wa Geti nilimkuta kwenye stoo ya mavazi, anapiga pasi kofia yake ya ulinzi. Alikuwa anaimba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu! Njoo nikupe habari. Leo asubuhi nimeingia dukani kununua majani ya chai. Yule mama wa dukani, ambaye miaka yote hata sura yangu haijui, ananiambia: 'Majani ya chai? Wewe? Toka dukani kwangu!'" Alicheka hadi akashika ukuta. "Amenifukuza, mwanangu! Miaka miwili nafungua geti, hakuna hata mtoto aliyenisalimia. Leo nafukuzwa duka. Sasa ndiyo nimekuwa mwigizaji!"

Nikampa zile kurasa tatu. Kicheko kikakatika. Alizitazama muda mrefu, akaizima pasi.

"Hizi zote?"

"Zote, na ni laivu. Siwezi kukushonea kitu."

Alikaa kwenye sanduku la viatu.

"Unajua," alisema, "nyumbani kwangu nasahau swichi ya taa iko wapi. Nafungua kabati nikitafuta mlango wa kutokea. Lakini hapa nikiivaa hii kofia, najua kabisa mimi ni nani. Mimi ni mlinzi. Wakiniondoa hapa, mwanangu, nitakuwa nani?"

Machozi yalinijaa, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

"Twende tukamwambie Bosi ukweli," nilisema.

"Tumwambie kwamba ulimdanganya? Aku! Wewe usiguswe." Akafikiri. "Meza ya polisi ikoje?"

"Ya mbao. Upande wa kamera ina ubao unaofika chini."

Tukatazamana. Sikuwahi kumwona mzee wa umri ule akitabasamu kitundu hivyo.

Siku mbili nilikata maboksi. Niligawa zile kurasa tatu kwenye vipande thelathini na viwili, kila kimoja na sentensi moja, herufi kubwa nyeusi. Tulifanya mazoezi kwenye stoo: yeye kwenye kiti, mimi miguuni pake, nainua, anashusha macho, anasoma, ananyanyua macho. Lilikuwa jambo la kupendeza kabisa. Kila akishusha macho anaonekana anajuta. Nilijisifu mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yangu.

Kitu kimoja tu sikukifanya. Vile vipande sikuviandika namba.

Jumamosi saa kumi kasoro robo nilijiingiza chini ya meza kabla taa hazijawashwa. Palikuwa na vumbi na bazoka zilizotafunwa na kubandikwa na watu wasiojulikana. Mzee akaja akakaa. Nikampigapiga goti kwa kiganja kumpa moyo.

Kisha zikaja buti za Afande.

Afande ni mwigizaji wetu wa inspekta. Ni mtu wa miraba minne, na ana sifa moja kazini: hatoki kwenye uhusika hata dari ikianguka. Siri yetu hakuijua.

"Tatu, mbili, moja," sauti ikahesabu. Tukawa hewani.

"Jina lako?" Afande akanguruma.

Nikainua kipande cha kwanza. Mzee akashusha macho, akanyanyua. "Mimi ni mlinzi tu, afande."

"Umefanya kazi kwa marehemu muda gani?"

Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Mambo yalikuwa yanateleza kama sabuni. Cha sita nilisikia mtu nje akivuta pumzi kwa huzuni. Moyo wangu ukaanza kucheza ngoma ya furaha.

Afande akaipiga meza ngumi. "UNANIDANGANYA!" Akasimama, akazunguka, akarudi kukaa kwa nguvu zake zote, na buti la kulia likatua katikati ya maboksi yangu.

Vipande vyote, vilivyosomwa na visivyosomwa, vikaruka huku na huku gizani.

"Sumu uliipata wapi?"

Nikapapasa, nikainua kilichokuja mkononi. Mzee akasoma, maana alikuwa ananiamini.

"Miaka kumi na minne, afande."

"Miaka kumi na minne ulikuwa unatafuta sumu?" Afande aliuliza bila sauti kuyumba.

Nikainua kingine.

"Alinipa mashati yake ya zamani."

"Sumu ilikuwa kwenye mashati?"

Nikainua kingine. Hiki nilikishika juu chini. Mzee akainamisha kichwa upande wa kulia, polepole, akijaribu kusoma. Dada aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo jirani alipopiga kelele.

Pembeni nilisikia kurasa zikipekuliwa kwa fujo, na Bosi akinong'ona: "Ukurasa wa ngapi huu? Huu ukurasa wa ngapi?"

Nilikuwa nalia sasa, navikusanya vipande kwa mikono yote miwili, na kila nilichokishika kilikuwa cha mwisho au cha katikati. Maikrofoni ilikuwa kifuani mwa Mzee. Nikinong'ona neno moja, nyumba zote zenye televisheni zinanisikia.

Ndipo kiatu cha Mzee kikaja, kikagusa mkono wangu kidogo, kama mtu anayekuambia pumzika.

"Afande," alisema, "nimechoka kudanganya."

Hayo maneno hayakuwa kwenye boksi lolote.

"Basi sema kweli."

"Kweli ni kwamba sikumbuki."

"Hukumbuki kuua?"

"Sikumbuki chochote, afande. Asubuhi natafuta viatu, navyo nimevivaa. Haya maneno unayonisikia nikiyasema kila siku, siyajui. Naandikiwa. Nikinyamaza nikatazama chini watu wanasema nina hatia. Sina hatia. Nasoma."

Nikamsikia Bosi: "Msikate. Nani ameandika hii? Msikate!"

Afande akaishusha sauti yake, ikawa ya hatari. "Unaandikiwa na nani?"

"Yupo mtu. Mwaka mzima ananifichia. Amewadanganya wakubwa kwa ajili yangu, na kudanganya hawezi, masikio yanamwaka moto. Mtu huyo asiguswe, afande. Nifungeni mimi."

"Nimeuliza, yuko wapi?"

Mwaka mzima nimekuwa nikimwomba Mungu mzee huyu akumbuke. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nikafumba macho nikaomba asahau. Asahau sasa hivi. Asahau hata jina langu.

"Yuko hapa," Mzee akasema kwa upole. "Chini ya meza."

Buti zilirudi nyuma. Kiti kikalia. Kisha uso wa Afande ukashuka mbele yangu, umegeuzwa, jasho linamtiririka kuelekea kwenye paji, na nyuma yake kamera na taa yake nyekundu. Nilimtazama kama mjusi aliyebanwa na mlango. Niliona jicho moja likimtetemeka. Nikajua hapo mwigizaji anapigana na mtu mwenyewe.

Mwigizaji akashinda.

"Toka," alisema.

Nikatoka. Kwa magoti kwanza, vumbi nywele zote, boksi moja bado mkononi. Kamera ikanifuata. Nyuma ya kamera alisimama Bosi, mkono umenyanyuliwa nusu. Mkono ule ukishuka, matangazo yanakatwa, na Mzee anaenda kwao. Haukushuka. Wala haukupanda. Alikuwa hajui kama anachokiona ni tamthilia au ni kweli, na alikuwa anasubiri mtu amwambie.

"Eleza," Afande akasema. "Wewe ni nani, na umemfanyia nini huyu mzee?"

Mimi, ambaye kabla ya kuwasalimu watu watatu waliokaa pamoja huwa nazunguka nyumba kwanza.

Mzee wa Geti akasimama, akanivutia kiti chake, akanikalisha. Akaivua kofia ya ulinzi, akaishika kifuani, akainama karibu na sikio langu. Alisahau kwamba ana maikrofoni.

"Waambie tu, mwanangu," akanong'ona, na nyumba zote zikamsikia. "Usiogope. Ukisahau, nitakukumbusha."

Mkono wa Bosi ukatikisika. Nikafungua mdomo.